Muulize Dokta: Nimeitwa simposiamu ya PhD na sina hata matokeo

Toleo lililopita niligusia kwa juu juu tu simposiamu za wanafunzi wa PhD wa uhasibu na fedha, nikasema mtu asisubiri amalize kuandika ndo aende kuonyesha kazi yake. Basi meseji zimeingia balaa, nyingine ndefu mpaka nimezisoma kwa awamu. Nimechagua zitakazosaidia wengi, majina nimeficha kama mlivyoomba. Wale wa maswali ya mitihani ya bodi mtulie kwanza, zamu yenu ipo.

SWALI: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa pili PhD ya uhasibu, kozi nimemaliza, propozo imepita dipatimenti ila fildi bado sijaenda. Supavaiza kaniambia nitume maombi ya simposiamu, mimi naona ananisukuma mapema, sina data, sina matokeo, nitasimama niseme nini mbele za maprofesa? Na hivi hii simposiamu na kongamano la kawaida si kitu kilekile tu? – Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Supavaiza wako hajakosea, tena mshukuru, maana wapo wanaomfungia mwanafunzi ndani mpaka awe na sura zote tano ndo wanamruhusu atoke.

Sio kitu kilekile. Kongamano la kawaida unaenda na pepa iliyokamilika, unapewa dakika 15 au 20, mwenyekiti wa kikao anakuonyesha kikaratasi kwamba zimebaki mbili, maswali mawili, makofi, chai. Simposiamu ya PhD, wengine wanaita koloki au konsotiamu, jina lisikuchanganye, ni ya kazi ambayo bado inatengenezwa. Wanachukua wanafunzi wachache, mara nyingi wanaomba barua ya supavaiza, na maandishi yako yanasomwa kabla na profesa asiyekujua, hana undugu na supavaiza wako, hana sababu yoyote ya kukuonea aibu. Huyo ndo unayemfuata kule. Cheti na begi la kitambaa ni nyongeza.

Nadhani kinachokutisha ni hilo neno matokeo. Hebu fikiria umeenda tasnifu ikiwa imeshafungwa, mtu akakwambia kipimo chako hakipimi kile unachodai kinapima, utafanya nini? Umeshagawa madodoso 384 (hiyo namba mnaijua wenyewe inatoka wapi, jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970, tasnifu za huku kwetu zimejaa), hela ya fildi imeisha, wasaidizi umeshawalipa. Utatabasamu, utasema asante kwa maoni mazuri, utarudi nyumbani na tatizo lako lile lile likusubiri kwenye viva, ule mtihani wa mdomo wa kuitetea tasnifu. Ila akikwambia sasa hivi kabla hujaenda fildi, unalirekebisha dodoso jioni ile ile hotelini na hasara yako ni bando tu.

Wenzetu wameliona hili zamani. Konsotiamu ya PhD ya American Accounting Association ipo kila mwaka tangu 1971, vyuo vinateua wanafunzi wao wanaenda kukaa na watafiti wakubwa siku kadhaa za kuchambuana kazi. Upande wa fedha, European Finance Association wana siku yao ya wanafunzi wa PhD, inatangulia kongamano lao la Agosti. Australia na New Zealand chama chao cha AFAANZ nacho kina simposiamu ya PhD kabla ya kongamano kuu. Huo mpangilio wa kuwatanguliza wanafunzi una maana yake, maprofesa wanakuwa wameshafika mjini na hawajachoka.

Kwa hiyo tuma maombi. Nenda na swali, nenda na namna unavyofikiria kulijibu, na uwe na sehemu mbili tatu ambazo wewe mwenyewe huna amani nazo, uziseme wazi.

SWALI: Dokta habari za kazi. Fomu ya maombi inataka kurasa mbili tu kuelezea PhD nzima. Mimi propozo yangu ina kurasa 74, nimejaribu kupunguza nimefika kumi na moja nimekwama. Mada yangu ni Athari za Udhibiti wa Ndani kwenye Utendaji wa Kifedha wa SACCOS Mkoani Kilimanjaro. Nisaidie nikate wapi. – Mkaguzi, Moshi

JIBU: Njema. Usikate, andika upya kutoka mwanzo bila kuifungua ile propozo. Ukikata kurasa 74 utabaki na vipande vya utangulizi, tafsiri ya maneno na mapitio ya Agency Theory (ile nadharia ya mwenye mali na anayemsimamizia), na hakuna kati ya hivyo kinachomwambia mtu unataka kujua nini.

Kuna mzee mmoja wa Texas, William Kinney, mwaka 1986 aliandika makala kwenye jarida la The Accounting Review ikiwalenga hasa wanafunzi wa PhD, na shule yake ni ya aya tatu: tatizo ni lipi, kwa nini ni la muhimu, utalitatua vipi. Basi. Na yuko Robert Faff wa Australia aliyetengeneza fomu ya kurasa mbili ya kunadi utafiti ambayo imezunguka dunia nzima, yeye anataka uanze na kichwa, swali lako, pepa kuu chache, na kitu gani kinakushangaza kwenye hilo jambo, kisha vitu vitatu, wazo, data na zana, kisha maswali mawili magumu, nini kipya na ili iweje, mwisho mchango wako ni upi. Tumia yoyote kati ya hizo mbili. Mimi napenda ya Kinney maana haina pa kujificha.

Sasa tuingie kwenye mada yako na usinichukie. Nimekaa upande wa pili wa meza kwenye hivi vikao, na ningekuuliza hivi. Unampa meneja wa SACCOS dodoso, sehemu B anajipima udhibiti wake wa ndani kuanzia 1 mpaka 5, sehemu C anapima utendaji wa SACCOS yake hiyo hiyo 1 mpaka 5. Meneja mwenye moyo mkunjufu anaweka 4 na 5 kote, mwenye stresi za mkutano mkuu anaweka 2 kote. Unapeleka SPSS, ile programu ya takwimu, unaendesha regresheni kuona kama hivyo viwili vinaenda pamoja, inatoka nyota tatu za kusema uhusiano upo, unaandika udhibiti wa ndani una athari chanya na kubwa. Ulichopima hapo ni hali ya moyo ya mameneja wa Kilimanjaro. Hilo ni swali la kwanza na litakuja, nakuhakikishia. La pili, nani kamtangulia nani? SACCOS yenye hela ndo inaweza kuajiri mkaguzi wa ndani, ile maskini katibu ndo karani ndo mtunza fedha, kwa hiyo huenda utendaji mzuri ndo umeleta udhibiti na wewe umeusoma kinyume. La tatu, kwa nini Kilimanjaro? Kama jibu ni kwamba unaishi huko, sawa tu, sema hivyo, fildi ni hela, lakini usiandike nusu ukurasa wa kutuaminisha kwamba mkoa huo una upekee wa kinadharia.

Habari njema ni kwamba umekalia data na huioni. Vyama vya ushirika vinakaguliwa na COASCO, lile shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, kuna ripoti, kuna hati, safi, yenye shaka, isiyoridhisha. Hiyo ni kauli ya mtu wa nje kuhusu vitabu vya SACCOS, tofauti kabisa na meneja kujisifia. Na kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliyoziingiza SACCOS kwenye utaratibu wa leseni chini ya Benki Kuu, usimamizi wa kila siku ukikasimiwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sheria ikibadilika katikati una kabla na una baada, watafiti wa nchi nyingine wanaililia nafasi hiyo. Mimi ningeandika hivi:

"Tangu sheria ya 2018 SACCOS haiwezi kufanya kazi bila leseni, na leseni ina masharti ya usimamizi na utoaji taarifa. Haijulikani kama masharti hayo yamepunguza mikopo chechefu au yameongeza makaratasi tu, na wanachama ndio wanaolipia gharama zake. Nitatumia hesabu zilizokaguliwa za miaka ya kabla na baada, nilinganishe SACCOS zilizopata leseni mapema na zilizochelewa."

Sentensi tatu. Halafu ongeza ya nne wewe mwenyewe kabla hujaulizwa: zilizowahi leseni huenda ndo zilikuwa nzuri tangu zamani, na nitashughulikia hilo kwa kuangalia mwenendo wao kabla ya sheria. Ukiisema mwenyewe profesa atakusaidia kufikiria, ukimwachia aigundue atakusulubu nayo dakika kumi nzima.

Lakini kabla hujabadilisha chochote nenda kaulize kama hizo ripoti utapewa. Barua ya chuo, kibali, na mtu ofisini atakayekwambia ukweli kama mafaili ya miaka ya nyuma yapo au yameliwa na mchwa. Ukifika simposiamu ukasema data nimeshahakikishiwa, kikao kinabadilika kabisa.

SWALI: Hujambo Daktari. Niko Eldoret, PhD yangu ni ya finance, nafanya ile sheria ya Kenya ya kudhibiti riba ya 2016. Nilituma abstrakti (muhtasari wa kazi) kwa simposiamu moja nikaambiwa hiyo mada imechoka, kila mtu ameifanya. Nitafute ingine? Na je, pepa ya simposiamu itahesabika kwa zile mbili tunaitishwa kabla ya kugraduate? – Kijana wa Riba

JIBU: Sijambo. Nianze na hilo la mwisho maana ni fupi: hapana. Mwongozo wa CUE, tume ya vyuo vikuu ya Kenya, wa 2014 unazungumzia machapisho mawili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu, na simposiamu sio jarida. Tena ni heri, maana kazi ikiwa haijachapishwa bado ni yako kuipeleka jarida zuri baadaye. Ukitaka ionekane mtandaoni iweke SSRN, ile hazina ya pepa iliyoanza 1994, ila mwambie supavaiza kwanza.

Sasa hilo la mada kuchoka. Hiyo sheria ilianza Septemba 2016, riba ya mkopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, ikaondolewa Novemba 2019. Ukiandika athari za ukomo wa riba kwa faida ya mabenki, ni kweli imechoka, hata mimi ningekurudishia. Lakini tukio lenyewe halijachoka, lina mlango wa kuingilia na wa kutokea, watu wamesongamana kwenye wa kuingilia. Walionyimwa mikopo 2017, ukomo ulipoondoka walirudishwa? Wafanyabiashara wale wale au mabenki yalishazoea kukaa na hatifungani za serikali na hayakutaka tena usumbufu?

Halafu kuna ile ya mikopo ya simu. M-Shwari, ile huduma ya Kenya ya kukopa kwa simu, ilianza 2012 na ile 7.5% yake ikaitwa ada, haikuitwa riba, kwa hiyo ukomo ukapita juu ya kichwa. Wakopeshaji wa app ambao sio mabenki ndo kabisa hawakuguswa, sheria ya kuwaweka chini ya Benki Kuu imekuja Desemba 2021. Sasa hapo ungana na rafiki yako wa uhasibu: IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, inasema ada ambayo ni sehemu ya mkopo wenyewe inaingia kwenye hesabu ya riba halisi. Yaani kitu kile kile mbele ya msimamizi ni ada, je kwenye vitabu vya benki kimeandikwa wapi? Fungua ripoti za mwaka za miaka ile, soma maelezo ya chini ya hesabu, uone nani alihamisha mapato kutoka mstari mmoja kwenda mwingine 2016 ilipofika. Hiyo nikiiona kwenye maombi nakuita hata kama Kiingereza kimepinda.

Na usiwasikilize wanaosema mambo ya huku hayana soko nje. Wachumi Tavneet Suri na William Jack wamechukua M-Pesa, kitu tunachotumia kulipia mboga, wakaonyesha jinsi kaya zinavyosaidiana mmoja akipatwa na shida, ikatoka kwenye jarida la American Economic Review 2014, kisha kwenye jarida la Science 2016 wakakadiria kaya 194,000 za Kenya zimetoka kwenye umaskini uliokithiri. Wao walikuwa na data ya kaya zile zile kwa miaka kadhaa na ramani ya mawakala walivyokuwa wakisambaa. Mada ya nyumbani sio tatizo kabisa, shida ni kwenda na mada bila swali.

SWALI: Dokta nimepata imeili ya mwaliko wa simposiamu ya kimataifa ya PhD, Dubai, wamenisifia sana wamesema wameona kazi zangu (sijawahi kuchapisha). Abstrakti nimetuma usiku asubuhi imekubaliwa. Ada ni dola 450, ukiwahi wanapunguza. Nimeshaanza kuomba ruhusa kazini. – Mwenye Bahati, Dodoma

JIBU: Usitume hata shilingi.

Wamesifia kazi ambazo hazipo, hapo tu palitosha. Simposiamu ya kweli haiwezi kukubali kazi yako kabla kuku hawajaamka, kuna watu wanasoma, inachukua wiki na wengi wanakataliwa. Angalia na orodha ya fani zao, ukikuta uhasibu, ukunga, uhandisi wa barabara na ufugaji wa kuku kwenye ukumbi mmoja siku moja, hao wanauza hoteli. Wa kweli atakuomba barua ya supavaiza, atataja maprofesa watakaokusoma, na mara nyingi ada ni ndogo au haipo, wengine wanakulipia hadi chumba maana chama ndo kinabeba gharama.

Hayo majina ya maprofesa kwenye tangazo nayo usiyaamini, chukua moja, tafuta imeili yake kwenye tovuti ya chuo chake, muulize kwa adabu kama kweli anaenda. Serikali ya Marekani kupitia tume yao ya biashara iliishtaki kampuni ya OMICS ya India mwaka 2016, moja ya malalamiko ilikuwa hiyo hiyo, kutangaza kwamba wasomi fulani watakuwepo kwenye makongamano yao wakati hawakukubali. Mwaka 2019 mahakama ikaamuru walipe zaidi ya dola milioni 50. Na hao walikuwa na ofisi na anwani, hawa wa Dubai hatujui hata wanakaa wapi.

Hiyo ruhusa usiifute. Itumie kwenda kwingine, tena karibu na nyumbani. African Economic Research Consortium ya Nairobi, ipo tangu 1988, imejulikana kwa warsha zake za Juni na Desemba na ina kundi la mambo ya fedha, ni watu wa uchumi lakini mwanafunzi wa fedha anatoka pale amenyooka. African Accounting and Finance Association nao kongamano lao linazunguka nchi za Afrika, soma tangazo la mwaka husika uone wamepanga nini kwa wanafunzi. Likiangukia Afrika Kusini Mtanzania haombi viza kwa safari fupi, ukilinganisha na Ulaya ambako viza ya Schengen peke yake ni euro 90 na miadi ya ubalozi unaweza kuipata simposiamu imeshaisha.

SWALI: Asalaam alaykum Dokta. Mie utafiti wangu ni hesabu za wakfu hapa Unguja, vipi mali za wakfu zinavyoandikwa na nani anapewa taarifa. Nimeprezenti, profesa mmoja mgeni kanikata sijafika hata slaidi ya nne, kasema haoni uhasibu hapa, kisha akashika simu yake. Nilitoka nikaenda kulia msalani. Supavaiza ananambia nibadili mada niende kwenye mabenki ya Kiislamu. Nimechoka roho. – Bi Wakfu

JIBU: Waalaykum salaam bibie, pole sana. Kushika simu mwanafunzi anaongea ni utovu wa adabu, na uprofesa hausafishi hilo.

Ila tulitenganishe jambo na mtu. Nikupe kisa ambacho wanafunzi wa uhasibu wengi hawakijui. Ray Ball na Philip Brown, Waaustralia wawili waliokuwa Chicago, waliandika pepa wakichukua makampuni 261 ya Marekani wakaangalia bei za hisa zinavyojongea kuelekea siku faida inapotangazwa. Wakaipeleka The Accounting Review ikakataliwa, hoja ikiwa kwamba huo sio uhasibu. Ikatoka Journal of Accounting Research mwaka 1968, na nusu ya mnachofundishwa leo kwenye somo la masoko ya mitaji kinaanzia pale. Mwaka 1986 American Accounting Association wenyewe ndo wakaipa tuzo ya mchango wa msingi kwenye fani, ya kwanza kabisa ya aina yake. Basi ukiambiwa huu sio uhasibu jua kwamba hiyo kauli ina historia yake.

Sasa upande wako. Slaidi tatu za kwanza ulisema nini? Nakisia tu, ulianza na wakfu ni nini, aya na hadithi, kisha enzi za masultani, kisha Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na majukumu yake. Yote ya kweli, na profesa wa watu anasubiri daftari la hesabu halioni. Geuza. Slaidi ya kwanza weka nyumba moja ya wakfu ya Mji Mkongwe (bila namba yake, usiwaanike wapangaji), kodi inayoingia kwa mwezi hii hapa, ukarabati wa paa umegharimu hiki hapa, wanufaika ni hawa, na nyumba yenyewe kwenye vitabu imeandikwa kwa thamani gani, au haijaandikwa kabisa? Haiuzwi milele, sasa bei ya soko ina maana gani kwake? Mtu akitazama hiyo slaidi hawezi kusema haoni uhasibu, labda awe na lake jambo.

La pili, huenda ulienda chumba kisicho chako. Simposiamu za uhasibu zina makabila. Ukienda kwa watu wa regresheni na bei za hisa na kazi ya mahojiano na nyaraka, watakuuliza N, yaani idadi ya sampuli, ni ngapi na mazungumzo yameishia hapo. Kuna ukoo mwingine, wale wa Accounting, Organizations and Society, jarida alilolianzisha Anthony Hopwood 1976, na kongamano la Interdisciplinary Perspectives on Accounting lililoanza Manchester 1985, hao wana koloki ya watafiti wachanga na kazi yako ndo chakula chao. Soma majina ya kamati kabla ya kutuma, angalia hao watu wanaandika nini.

Kuhusu kubadili mada, usiamue wiki hii. Andika ulichoambiwa na wengine kwenye kikao kile, maana naamini hakuwa peke yake, mpelekee supavaiza pamoja na slaidi mpya, muongee mbele ya karatasi. Na safari nyingine mwombe mwenzio akae nyuma aandike kila swali unaloulizwa, wewe ukiwa umesimama pale husikii kitu, unasikia moyo wako tu. Mabenki ya Kiislamu yameandikwa na watu chungu nzima kuanzia Malaysia mpaka Bahrain. Nyumba za wakfu za Mji Mkongwe, wewe unapanda daladala unafika.

SWALI: Dokta mimi ni Mrundi, niko Bujumbura, masomo yote nimefanya kwa Kifaransa, Kiingereza nasoma ila kuongea naogopa. Nitaenda simposiamu gani mimi? – Umoja

JIBU: Association Francophone de Comptabilité wana kongamano lao la kila mwaka kwa Kifaransa, anzia hapo upate ujasiri. Lakini Kiingereza huwezi kukikwepa moja kwa moja kwenye hii fani, majarida makubwa yote ndo lugha yake, kwa hiyo fanya hivi: sentensi zako tano za mwanzo zikariri kabisa, namba na majedwali yaongee yenyewe, na ukiulizwa kitu hujakielewa sema naomba urudie swali. Hata wenye lugha yao wanasema hivyo ili wapate muda wa kufikiria.

SWALI: Dokta samahani mimi sio msomi wa hayo mambo, ni fundi magari hapa Tanga. Mke wangu anasoma PhD ya fedha, kasema anaenda Nairobi siku tatu kwenye hiyo simposiamu. Washkaji kijiweni wananicheka eti hamna kitu kama hicho, watu wazima wakae siku tatu wakisomeana karatasi. Kweli wanafanya nini? Na nauli katoa mfukoni mwetu, chuo kinasema kitarudisha. – Fundi, Tanga

JIBU: Kipo kaka, na waambie washkaji watu wazima wanafanya hivyo kila mwaka na wengine wanalia.

Siku ya kwanza maprofesa wanaongea, namna ya kuchapisha, namna ya kutafuta kazi. Kisha wanafunzi mmoja mmoja anasimama, mkeo atapewa labda dakika kumi na tano za kuongea na zaidi ya hizo za kuulizwa. Usiku ule usitegemee maongezi marefu kwenye simu, atakuwa anaandika upya alichoambiwa mchana. Na chakula cha jioni ni sehemu ya kazi, pale ndo profesa anayekataa kujibu imeili anakaa meza moja na mwanafunzi na kumwambia nitumie hiyo sura nitaisoma, usije ukampigia saa mbili ukauliza mbona kuna kelele za vijiko. Akirudi na sura ya kuvunjika moyo mwache siku mbili, ikipita hapo muulize watu walisema nini kuhusu kazi yake, hata kama huelewi, akikueleza wewe fundi ukaelewa basi amepata jinsi ya kuianza tasnifu yake.

Hela sasa. Chuo kitarudisha kama kuna risiti, na nashangaa nikiwaambia hivi wasomi wa fedha lakini hao ndo wanaoongoza kupoteza. Tiketi ya basi ya Tanga kwenda Mombasa aitunze na ya Mombasa Nairobi pia, hotelini adai risiti halali yenye jina lake na la chuo, tarehe zifanane na barua ya mwaliko. Akumbuke na mhuri wa pasipoti pale Horohoro, wahasibu wengine wa chuo wanauomba kama ushahidi wa safari. Kila risiti aipige picha siku hiyo hiyo, zile za karatasi laini za mashine maandishi yake yanafutika kabla chuo hakijaidhinisha malipo.